Vidokezo: Nyumba Haianzi na Msingi

Vitabu vya usimamizi wa miradi husema kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufunga. Anayejenga Kibaha au Chanika anazijua hatua hizo zote, ila yeye huzitaja kwa majina ya saiti.

1. Anza na swali. Nyumba ya kuishi, ya kupangisha, au ya wazazi kijijini? Jibu ndilo litakalopanga vyumba. Kiwanja nacho kihakiki ofisi ya ardhi kabla hujampa dalali hata shilingi.

2. Geuza mawazo ungali kwenye karatasi. Kuhamisha choo kwenye ramani ni kazi ya ufutio. Jamvi likishamwagwa, ni nyundo, zege jipya na fundi aliyenuna. Kwa hiyo hapa usikimbie: ramani, makadirio na kibali cha ujenzi viwepo kabla lori la mchanga halijapiga honi. Makadirio yatenganishwe: msingi, boma, kupaua, umaliziaji. Hapo utajua usimame wapi pesa ikikata. Mimi ningesimama kwenye msingi kuliko kwenye boma lisilo na paa, maana mvua hailionei huruma.

3. Lipe zege muda wake. Nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28, na wiki ya kwanza inataka kumwagiwa maji kila siku. Fundi atakwambia, "Imeshakauka hiyo, bosi." Mwagia tu. Siku hizo za kusubiri ndizo za kutafuta mbao na mabati.

4. Lipa kwa hatua. Msingi umekamilika, lipa. Lenta imemwagwa, lipa. "Nipunguzie kidogo, mtoto anaumwa" isikufanye ulipie paa ambalo halijapigwa. Na kabla ya plasta, piga picha kila ukuta wenye bomba na waya. Siku ya kutoboa ukuta wa pazia utazitafuta.

5. Daftari la stoo lisikose. Ufuatiliaji hauna zamu yake, unakwenda na hatua zote: mifuko ya saruji iliyoingia, iliyotumika, iliyobaki. Kama uko Muscat na shemeji ndiye msimamizi, ndiyo kabisa.

6. Kabidhiwa kazi, usihamie tu. Fungua mabomba yote kwa pamoja, washa kila taa, mwaga ndoo ya maji bafuni uone yanaelekea wapi. Sehemu ya malipo ya fundi ibaki mkononi mwako, mkubaliane hivyo tangu mkataba, mpaka mvua kubwa ya kwanza ipige bati.