Magunia na Kuchuma

Wakati wa mavuno ya pamba hapa Bariadi vijana wengi huchuma tangu alfajiri, na jioni hupakia magunia kwenye lori. Msuli uliobeba mzigo mzito huhitaji siku 1 hadi 2 kupona. Basi pakieni leo, kesho chumeni polepole. Ikibidi yote siku moja, magunia yatangulie, mwili ungali na nguvu.

Asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika 1. Yakizidi ya kawaida yako kwa 10, siku 3 mfululizo, pumzika (na pima malaria, maana homa nayo huyaongeza). Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, usimeze dawa za maumivu: huenda misuli imeumia na figo ziko hatarini. Njoo hospitali siku hiyohiyo.