Shajara za Igizo: Alama Zimetoka Wapi



Jumamosi iliyopita niliondoka na shajara 11 kwenye mfuko wangu. Nimezisoma usiku baada ya zamu, na kabla sijazirudisha nataka mjue nimezisahihisha vipi. Wiki ya kwanza nilikosea, na kuna mwanafunzi mmoja nina deni lake.

Kwa waliokosa vipindi: tunasoma habari za Zanzibar tangu uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995. Majina ya CCM na CUF watoto wanayajua, wanayasikia wakubwa wakizungumza kwenye simu. Walichokuwa hawakijui ni kwamba ugomvi ule haukuishia kwenye masanduku ya kura. Uliingia madukani, kwenye magari ya abiria, harusini na matangani. Pemba hasa, mtu aliliacha duka la jirani akaenda kufuata chumvi mbali kwa kuwa jirani ni wa chama kingine. Kuna waliokuwa majirani miaka yote na wakafika mahali hawazikani.

Kwa hiyo tuliunda kijiji chetu cha kubuni. Kila mtoto aliokota karatasi: mwenye duka, dereva, mvuvi, sheha, mama aliyefiwa, kijana wa barazani. Mama kafiwa na mumewe na nusu ya kijiji haikuja mazikoni. Tunaigiza darasani, halafu kila mmoja anaandika shajara nyumbani kwa sauti ya mtu wake, si kwa sauti yake mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilisoma nikitafuta amani. Shajara moja ilimalizika kwa kijiji kizima kukumbatiana na kula biriani, na yote hayo yalitokea siku moja. Nikatoa 17 kwa 20. Nyingine ilikuwa nusu ukurasa. Dereva anasema mvua ilikuwa inanyesha, akamkuta mtoto wa mwenye duka njiani, akasimamisha gari. Mtoto akasema, "Mama kanikataza." Dereva anaandika: "Nilisubiri kidogo. Halafu nikaondoka." Basi, imeisha. Nikampa 9, na pembeni nikaandika, "Suluhu iko wapi?"

Siku mbili baadaye nilikuwa wodini naandika maelezo ya kukabidhi zamu. Kazini kwetu tunafundishwa kuandika alichosema mgonjwa na tulichokiona kwa macho, si tunachotaka kiwe. Nikiandika "anaendelea vizuri" kwa sababu nimechoka na nataka kwenda nyumbani, muuguzi wa usiku atalipia na mgonjwa atalipia zaidi. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule dereva. Aliandika alichokiona. Wa biriani aliandika nilichotaka mimi.

Sasa natazama vitu vingine. Kubwa kuliko yote, alama 8, ni kama mwandishi amemsikia mtu wa upande wa pili. Namna ya kupima ni rahisi: namchukua mtoto aliyeigiza upande ule, namsomea sentensi inayomhusu, namuuliza, "Ndivyo ulivyosema?" Akisema ndiyo, alama zinaingia. Akisema, "Hapana mwalimu, mimi sikukataa kwa kiburi, niliogopa kusemwa na wenzangu," tunarudi kwenye shajara pamoja. Alama 6 ni za hatua: mtu wako amefanya nini, hata kidogo, na kimemgharimu nini? Kusimamisha gari kwenye mvua ni hatua, hata kama hakuna aliyepanda.

Alama 6 zilizobaki ni za lugha, na hapa nataka tukae kidogo, maana Kiswahili chenyewe kinatufundisha. Tazameni mwisho wa kitenzi, ile -ana. Kusalimu, kusalimiana. Kualika, kualikana. Kuzika, kuzikana: kufika kwenye msiba wa mwenzako naye akafika kwenye wako. Ukiweka -ana umeshawaingiza watu wawili, mmoja peke yake hawezi. Lakini mwanafunzi mmoja aliniuliza swali zuri: mbona kugombana, kununiana na kususiana nayo yana -ana? Ndiyo, mwanangu. Kununa unaweza kununa mwenyewe chumbani. Kununiana kunataka mwenzio naye anune. Kwenye shajara, ukiandika "alinisusia", jiulize kama ukweli si "tulisusiana".

Neno maridhiano limetoka huko huko, kwenye kuridhiana. Wengi mlilisikia mwaka 2009, pale Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Ikulu ya Zanzibar tarehe 5 Novemba. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66 hivi wakasema ndiyo. Niliwaambia wanafunzi waitazame na ile theluthi moja iliyosema hapana. Nao waliamka kesho yake katika vijiji vile vile, wakateka maji penye mifereji ile ile. Na uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, kususiana kulirudi mahali pengi. Kwa hiyo shajara isiyomalizika kwa amani haijafeli.

Sasa wazazi, mawili tu. La kwanza, tafadhali msiandike nyinyi. Mtoto wa miaka 11 akiandika "mustakabali wa taifa", kalamu ya mkubwa naijua.

La pili ni zito. Baba mmoja alinipigia simu kwa sababu binti yake aliokota karatasi ya upande ambao si wa nyumbani kwao. Akasema, "Mwalimu, ndugu zangu walikimbilia Shimoni mwaka 2001. Mwanangu ataandika maneno ya wale?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia hatumtaki abadilishe upande, tunamtaka aweze kueleza jirani anafikiri nini. Alinyamaza kwa muda, kisha akakubali binti aendelee, ila asisomeshwe mbele ya watu. Ana haki. Ilitakiwa niwaulize wazazi kabla ya kugawa karatasi, na sikufanya hivyo. Kuanzia sasa hakuna mtoto atakayelazimishwa kusoma shajara yake kwa sauti, na karatasi atakayoiokota mtoto mzazi ataijua kwanza.

Shajara ya dereva nimeisahihisha upya. Nimefuta 9 nikaandika 16, na lile swali langu la pembeni nimelikata kwa mstari. Zile 4 zilizopungua ni za lugha, maana kuna "nilimsubiria" na ndugu zake wengine tutakaoshughulika nao. Ya biriani imeshuka hadi 12. Mwenyewe nitazungumza naye kabla ya kipindi, asije akaiona alama mbele ya wenzake.

Jumamosi hii tunabadilishana nafasi: dereva atakuwa mwenye duka, mwenye duka atakuwa mama aliyefiwa. Tunaanza saa 4 asubuhi. Njooni na shajara na penseli, na atakayeweza alete kanga moja ya kuigizia msiba.