SOMO KWA WANANCHI: KUZITAFUTA HUDUMA ZA UMMA KWA SIMU YA MKONONI

Wananchi wanakumbushwa kuwa simu ya mkononi, mbali na kupelekea salamu, yaweza kumwonyesha mtu mahali alipo na njia ya kumfikisha aendako. Somo hili linawahusu hasa ndugu zetu wa Ukerewe na visiwa jirani, washukao na dagaa mwaloni Kirumba, jijini Mwanza. Pengine hufika usiku, na huko wakaugua au kuuguliwa katika mji wasiouzoea.

Kwanza, ifahamike jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Simu hupokea mawimbi kutoka setilaiti zilizo juu yetu kilometa 20,000 hivi. Ikizipata 4 au zaidi, hukadiria ilipo kwa tofauti ya mita chache. Chini ya mabati au baina ya majengo marefu tofauti hiyo huongezeka. Kwa hiyo yapasa kutoka nje, penye uwazi, na kusubiri kidogo.

Pili, mawimbi hayo hayahitaji salio wala mtandao. Kinachohitaji mtandao ni ramani. Hapo ndipo wengi hukwama: alama ya walipo huiona, lakini pembeni yake hakuna barabara wala jengo. Msafiri na aipakue ramani ya Mwanza kabla ya kuondoka. Programu ya Google Maps inaruhusu hivyo. Tena aijaze simu chaji, kwani kutafuta njia hula betri upesi.

Tatu, yaandikwe majina kamili. Neno "hospitali" peke yake laweza kumfikisha mtu kwenye duka la dawa lililokwisha fungwa. Ni heri kuandika "Hospitali ya Sekou Toure" au "Hospitali ya Bugando", na kuyahifadhi mahali hapo mapema.

Nne, zitumike anwani za makazi. Operesheni iliyozinduliwa Februari 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka huo, ilizipa barabara majina na majengo namba. Programu ya NaPA huzionyesha anwani hizo. Hata mwenye simu ya vitufe akisoma jina la barabara na namba iliyo mlangoni, ataweza kumwelekeza dereva, au polisi kwa namba 112, pasipo kubabaika.

Mwisho, ieleweke kuwa alama iliyo katika ramani si ushahidi kwamba mlango uko wazi. Zahanati huhama, na aliyeiweka alama huenda alikosea. Mwenye mgonjwa asione haya kuwauliza wenyeji huku simu ikiwa mkononi. Kuuliza si ujinga. Na dakika zipoteazo mbele ya mlango uliofungwa, anayezilipia ni mgonjwa.