Dozi imepungua, bibi anasema mjukuu amepona

Shangazi, shikamoo. Naishi Muheza na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mwanangu wa kati ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Alianza kukonda, anakunywa maji hayaishi, usiku anakojoa kitandani na ukubwa wote ule. Tukamtibu malaria. Akaja kutapika na kuhema kwa nguvu, tukakimbilia hospitali. Sukari ilikuwa juu mpaka kipimo kikashindwa kuisoma. Wakatuambia ni kisukari cha aina ya kwanza, atachoma insulini maisha yake yote.

Sasa ni miezi miwili. Daktari amepunguza dozi mara mbili kwa sababu sukari ilikuwa inashuka mno. Mama mkwe anampa maji ya majani ya mlonge kila asubuhi, anasema ndiyo yaliyomponya, na kwamba sindano zikiendelea mwili utazizoea. Mume wangu hasemi kitu. Mtoto amechoka, mpira tumemkataza, na juzi nimegundua ameruka sindano ya jioni. Nifanye nini bila kuvunja nyumba?
Mama wa Muheza

Marahaba mwanangu. Sindano ya leo jioni achome. Mengine tutaongea, hilo halingoji.

Bibi macho yake yako sawa: dozi kweli imepungua. Alichokosea ni sababu. Kinga ya mwili wa mwanao imezishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na si kwa sababu ya chai ya sukari wala kosa lako lolote. Alipolazwa, seli nyingi zilikuwa zimekwisha kufa na chache zilizosalia zimezidiwa. Sindano zikazipumzisha, nazo zikaamka zikafanya kazi kidogo. Madaktari hukiita kipindi hiki fungate. Huja wiki chache baada ya kuanza insulini, hudumu miezi kadhaa, kwa wengine hata mwaka. Baadaye seli hizo nazo huisha, na dozi hupanda tena. Mtoto akiachishwa insulini kwa kudhani amepona, atarudi kwenye kutapika na kuhema kule kule, na safari hii huenda msiwahi hospitali.

Habari ya mwili kuzoea nayo iacheni. Kila mtu anaishi kwa insulini tangu kuzaliwa, bibi mwenyewe akiwemo. Yake inatoka kongoshoni, ya mjukuu inatoka kwenye kichupa. Mtu wa kwanza duniani kutibiwa kwa insulini alikuwa mvulana wa rika la mwanao, miaka 14, huko Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo tiba ilikuwa kumnyima mtoto chakula mpaka abaki mifupa, apate miezi michache zaidi. Yule mvulana alipochomwa aliishi miaka mingine 13. Kwa hiyo anayekwambia chakula na majani vinatosha, mwambie vilishajaribiwa.

Ila usimwambie mkweo hivyo wewe, na hasa si mbele ya mjukuu. Maneno ya mke wa mwana yana uzito wake, ya nesi yana wake. Siku ya kliniki mchukue bibi, akae kwenye benchi na mama wengine, amuulize nesi mwenyewe hayo ya mlonge. Na huo mlonge usiumwage: aupike mboga, mjukuu ale na ugali, ni mboga nzuri. Asichoruhusiwa ni kuuita mbadala wa sindano. Kisha mpe kazi, maana bibi asiye na kazi kwenye ugonjwa wa mjukuu atajitafutia. Afundishwe dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, hasira zisizo na sababu, maneno yasiyoeleweka. Kipimo kikisoma chini ya 4, au mkikosa kipimo na dalili zipo, ampe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Wangoje dakika 15, wapime tena. Akiwa amepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Chakula kisikutishe. Asipikiwe chungu chake peke yake kama mtu aliyetengwa. Cha kuangalia ni kiasi cha wanga: ugali, wali, muhogo, ndizi, viazi, chapati. Wengi wanaamini dona halina madhara, basi wanajaza sahani. Dona ni afadhali kuliko sembe, lakini mlima wa dona nao ni mlima. Tafuta bakuli moja liwe kipimo chake, maharage na mboga viongezeke. Kama anatumia ile insulini ya mchanganyiko, yenye ukungu, ya asubuhi na jioni, kwa kawaida huchomwa nusu saa kabla ya kula, na ikishaingia haimsubiri mpishi. Uji wa saa nne shuleni usikosekane, na chakula cha mchana kisichelewe.

Mpira mmemwonea. Arudi uwanjani. Apime kabla: ikiwa chini ya 5 ale ndizi au vipande vya muhogo kwanza; ikiwa juu ya 14 na anajisikia vibaya, siku hiyo akae. Asichome pajani muda mfupi kabla ya kukimbia, maana dawa huingia haraka. Sukari iwe kwenye begi na mchezaji mwenzake mmoja ajue. Mazoezi yanaweza kuishusha sukari hata saa nyingi baadaye, usiku amelala, basi siku ya mechi apime kabla ya kulala.

Na siku akiwa na homa au hataki kula, hapo ndipo nyumba nyingi huacha sindano. Msiache. Mpimeni mara kwa mara, anywe maji, mpigie nesi akuelekeze dozi. Akitapika mfululizo, akahema kwa nguvu, au pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva mno, msianze kutafuta malaria. Nendeni hospitali.

Kuhusu kuruka sindano, usimgombeze. Muulize. Huenda anaogopa sukari kushuka usiku, huenda anachoma pale pale kila siku pamekuwa na uvimbe panauma; abadilishe, tumbo leo, paja kesho. Huenda pia amemwamini bibi yake, na mtoto gani asingependa kuamini habari kama hiyo?

Hapo mumeo ndipo anapoingia. Ukimya wake mtoto anausoma kuwa ni kukubaliana na bibi. Sindano ya jioni iwe ya baba na mwana: wakae pamoja, wapime, waandike kwenye daftari. Jumatatu aende yeye shuleni kuongea na mwalimu wa michezo, na akitoka huko apite kliniki aulize kuhusu mpango wa insulini ya bure kwa watoto, unaoshirikisha Chama cha Kisukari Tanzania, kama mwanao ameshaandikishwa.