Unajuaje? Mbinu za kupima ushahidi ukiwa wodini

Kati ya mwaka 2009 na 2011, hospitali kadhaa za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi na Muheza, zilishiriki utafiti ulioitwa FEAST. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, wengine wakapewa yale ya kawaida tu ya kukidhi mahitaji ya mwili. Saa moja baadaye, waliopewa dripu ya haraka ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Lakini zilipotimia saa 48, walikuwa wamefariki zaidi ya 10 katika kila 100 wa kundi hilo, na 7 hivi katika kila 100 wa kundi la pili.

Nesi aliyeshika mkono wa mtoto na kuukuta umepata joto hakudanganyika. Joto lilikuwepo. Asichoweza kukiona, hata awe hodari vipi, ni jinsi mtoto yuleyule angekuwa kama asingepewa dripu ile. Na mtoto alipozidiwa kesho yake, zamu ilikuwa imeshabadilika.

Kwa hiyo ukijiuliza kama unajua jambo, tenganisha kwanza maswali mawili. Je, mgonjwa amebadilika? Hapo macho yako, mikono yako na maneno ya mama yake ni ushahidi mzito, pengine kuliko mashine. Je, nilichompa ndicho kilichombadilisha? Hapo macho ya mtu mmoja hayatoshi. Panahitajika kulinganisha na wasiopewa, na hiyo ndiyo kazi ya utafiti.

Vyuoni wanafunzi hukaririshwa aina nne za ujuzi alizozitaja Barbara Carper mwaka 1978: wa kisayansi, wa kimaadili, wa kuijua nafsi, na wa sanaa ya kuuguza. Alifanya jambo la maana, kwa sababu alikataa uuguzi upimwe kwa maabara peke yake. Hata hivyo kuna hatari, na wanafalsafa wa uuguzi wameibishania sana: kila aina ikipewa mizani yake, hakuna inayoweza kuisahihisha nyingine. Mtu akishasema "mimi ninajua kwa uzoefu", mazungumzo yamekwisha. Naona tusikubali yaishe hapo.

Dawa yake inaanzia kwenye faili. "Anaendelea vizuri" ni hukumu bila ushahidi, na anayekupokea zamu hawezi kuipima. Andika hivi: "Saa 8 usiku. Mikono ya baridi hadi kwenye viwiko. Nimebonyeza ukucha, rangi imerudi baada ya sekunde 4. Anapumua mara 58 kwa dakika. Mama anasema hajanyonya tangu jioni." Mwenzako akija saa 10 atabonyeza ukucha uleule na kuhesabu mwenyewe. Akipata sekunde 2 au 6, mna jambo la kujadili. Maneno ya mama yaandike kama alivyoyasema, kwa kuwa ndiye pekee anayemjua mtoto huyo akiwa mzima.

Vipi ile hisia kwamba mgonjwa huyu hayuko sawa, ingawa vipimo vyote vinaonyesha yuko sawa? Patricia Benner, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alionyesha kwamba muuguzi mbobezi huielewa hali kabla hajaweza kuieleza. Isikilize. Rudia vipimo mapema kuliko ulivyopangiwa, mwite daktari, mwambie waziwazi una wasiwasi. Ila usiitumie hisia hiyo kuongeza dawa. Hisia ikikosea katika kupima upya, umepoteza dakika tano. Ikikosea katika dozi, anayelipa ni mgonjwa.

Mwongozo nao uusome ukiuliza: waliochunguzwa ni akina nani? FEAST haikuwachukua watoto wenye utapiamlo mkali, wala wa kuharisha, wala walioungua. Mbele ya mtoto aliyekaushwa na kuhara, kusema "utafiti umekataza dripu ya haraka" ni kosa la hatari. Huyo anahitaji maji, tena upesi.

Na wodi hazisubiri watafiti siku zote. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Bogotá nchini Kolombia, Dkt. Edgar Rey aliwaweka watoto njiti vifuani mwa mama zao kwa sababu inkubeta hazikutosha. Mwaka 2021 ukatolewa utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo: kuanza huduma hiyo, iitwayo ya kangaruu, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie, kulipunguza vifo kutoka karibu 16 hadi 12 katika kila watoto 100. Kwa hiyo ukiona jambo linajirudia wodini kwako, lihesabu na ulipeleke kwenye kikao.

Ila takwimu hizo hazimfungi mtu kitenge. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akikataa kumbeba mtoto, muulize sababu kabla ya kumsomea faida. Mara nyingi ni mshono unaouma, au anaogopa kumbana asipumue. Mpe dawa ya maumivu kwanza, muinulie kitanda upande wa kichwa, mwonyeshe jinsi shingo ya mtoto inavyokaa. Bibi akiwepo, naye ambebe kwa zamu.