Dondoo muhimu: Masomo ya nyumbani likizo ya Desemba, Chang'ombe

Usihamishie shule sebuleni. Saa mbili za asubuhi, kabla joto halijapanda, zinatosha. Tuisheni ya kutwa nzima inamchosha mtoto bure.

Vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Hesabu zipo Keko, kwa mafundi samani. Omba ruhusa, mpe mtoto tepu na daftari. Apime kitanda cha futi tano kwa sita, kisha azigeuze futi ziwe sentimita (futi moja ni sentimita 30.48). Mwache akosee, fundi atamsahihisha haraka kuliko wewe, na pengine kwa utani.

Mvua za vuli nazo ni somo. Weka uani kopo lililonyooka pande zote, mbali na paa. Kila asubuhi apime kina cha maji kwa rula, aandike milimita, kisha ayamwage, mbu wasizaliane.

Yote haya ni nyongeza tu. Elimu ya msingi ni ya lazima kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, kwa hiyo Januari arudi darasani.