Mawimbi ya Ubongo na Mawimbi ya Uongo

Wenzangu wa kidato cha tano huniuliza yawezekanaje kuchora kazi ya ubongo wa mtu aliye hai. Wa kwanza kuchora mawimbi hayo ya umeme kwa binadamu alikuwa Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alitangaza habari zake mwaka 1929. Siku hizi vidude vidogo vya madini, viitwavyo elektrodi, hubandikwa juu ya ngozi ya kichwa, na kompyuta huchora mistari.

Tabu ni kwamba umeme huo ni mdogo mno. Betri ya tochi ina volti 1.5, wimbi la ubongo la mikrovolti 50 ni sehemu moja tu katika 30,000 ya hiyo. Basi umeme wowote wa jirani hulifunika.

Tazameni jicho. Lenyewe ni kama betri: mbele chanya, nyuma hasi. Mtu akipepesa, jicho hugeuka juu kidogo, na elektrodi za paji la uso huandika kilima cha mikrovolti 100 au zaidi, ambacho hufifia kuelekea kisogoni. Msomaji mwenye haraka aweza kukiita kifafa. Hapo mtu aliyezimia kwa njaa tu atameza dawa miaka mingi, na majirani watamwepuka bure.

Misuli ya taya huchora michirizi ya haraka, moyo hufuata mpigo wake, na jasho huyumbisha mstari polepole. Elektrodi iliyolegea huruka peke yake, jirani zake zimetulia. Umeme wa nyumbani, hapa kwetu, hutikisika mara 50 kwa sekunde.

Wako wanaodhani kwamba chujio la kompyuta latosha. Mimi sikubali. Michirizi ya taya ikichujwa, mabaki yake hufanana na mawimbi halisi ya ubongo, na udanganyifu huzidi. Afadhali kuondoa chanzo kwanza: ngozi isafishwe, elektrodi zishikizwe kwa ute mzito wenye chumvi, nyaya zifungwe pamoja, mgonjwa alegeze taya.

Kwa kope iko njia nzuri zaidi. Elektrodi moja huwekwa juu ya jicho na nyingine chini yake. Mgonjwa akipepesa, mistari hiyo miwili huenda kinyume, mmoja juu na mmoja chini; wimbi litokalo ubongoni kwa kawaida huipeleka yote upande mmoja. Fundi mwangalifu humwomba mgonjwa apepese kusudi mara chache mwanzoni, akaandika pembeni saa yake, ili daktari apate cha kulinganisha.